Foleni ya Ijumaa Kuu

9 Tanner's Row,
Whitby.
Jumapili, 28 Aprili 2019

Mpendwa binamu yangu Gwenda,

Hujambo huko Dunedin? Nyonga yako inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila kifua kidogo, na hasira nyingi.

Hasira yenyewe ni juu ya kaka yangu Neville. Unamkumbuka yule afisa wa kodi aliyekaa dukani kwetu kuhesabu wateja wa samaki na chipsi? Alichagua Ijumaa Kuu, siku ambayo hata wasiojua mlango wa kanisa hula samaki, kisha akatukadiria kodi kana kwamba kila Ijumaa ya mwaka ina foleni ileile. Makadirio ya mtu asiyewahi kutuona mwezi Februari! Neville alikata rufaa, nami nikamkusanyia risiti zote za viazi. Tulikuwa tunashinda.

Wiki moja kabla ya kusikilizwa, bwana mkubwa Neville akaenda baa. Fundi bomba mmoja, ambaye huwa mwanasheria kuanzia bia ya tatu, akamwambia ajitangaze amefilisika, kodi itafutika. Kesho yake akajaza fomu bila kuniuliza.

Kwenye baraza la rufaa, jaji hakufungua hata bahasha ya risiti.

"Bwana, umeshafilisika. Rufaa hii ni ya mfilisi wako sasa."

"Lakini kodi ni yangu!"

"Ilikuwa."

Mfilisi, yaani msimamizi wa mali na madeni ya aliyefilisika, ni Bwana Pargeter, mtu mwenye viatu vinavyong'aa kuliko akili yake. Rufaa ameiacha; eti ina gharama, na duka la baba likiuzwa linatosha kulipa kodi.

"Tulia, mama," akaniambia.

"Usiniite mama. Mimi sijazaa mpumbavu."

Neville akacheka. Nikamwambia afunge mdomo, maana Pargeter hakujileta mwenyewe.

Linauzwa Juni, pamoja na vyumba vya juu. Ijumaa Kuu watu walipanga foleni hadi kwenye kona, hawajui tumefunga. Niliwahesabu dirishani: mia mbili na kumi na watatu. Ijumaa hii walikuja kumi na wanne. Nimeandika nyuma ya kalenda, na hakuna hata mmoja wetu mwenye haki ya kumwonyesha jaji.

Msalimie Alwyn na mapacha. Mungu akutunze wewe na hiyo nyonga. Mama anakusalimu sana; anasema mkija Krismasi mtalala chumba kilekile cha juu.

Bado hatujamwambia.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Beryl