Madoa ya Chumvi kwenye Vioo vya Pijo

Baba Akinyi,

Pijo lako liko salama. Naanza na hilo kwa sababu ungeuliza habari za gari kabla ya kuuliza zangu, na sikulaumu. Gari halikuwahi kukujibu vibaya. Liko kwetu Seme, uani kwa mama, na mimi nimo ndani yake. Ndimo ninamoishi kwa sasa.

Ila vioo nimeviharibu, na nataka uyasikie haya kutoka kwangu, maana huko uliko mnapokea wageni kila wiki.

Unakumbuka Jumapili zetu pale ziwani, majirani zetu wa Manyatta wakidhani tumeenda kuosha gari tu? Tuliosha, kweli. Kisha ulikuwa unanipa usukani, nami nikiendesha kwenye nyasi za ufukweni, wewe umeshika mlango kwa mikono miwili. "Polepole, Mama Akinyi, hili si jembe la ng'ombe." Ukanifundisha na habari za kioo. Maji ya ziwa hayana neno, ulisema, lakini ya kisima cha kwenu yana chumvi: yakikaukia juani huacha madoa meupe, na madoa yakikaa sana hula kioo chenyewe. Hapo ni limau na subira. Jivu hapana, mchanga hapana.

Tulipokuzika kwenu, karibu na Awasi, nilibaki huko, mimi na gari, tumeegeshwa pamoja kando ya ghala. Matanga hayajapoa, ndugu yako Owuor akatangaza kwamba atanirithi, niwe mkewe kwa mila ya tero. Nikamwambia sitaki.

"Mama Akinyi," akasema kwa upole wa mtu aliyeshiba, "nani amekuuliza kama unataka? Hii ni tero, si uchaguzi."

Wazee wakacheka. Nikaambiwa kwamba hadi nirithiwe, nisiingie nyumba ya mtu na nisipande mbegu kabla ya wengine. Nikivunja mwiko, chira itawashika watoto, wakonde hadi wafe. Nikasema Akinyi yuko mbali, shule ya bweni. Wakanijibu kwamba chira haihitaji nauli.

Majivuno ya Owuor unayajua. Aliapa mbele za watu kwamba siku ya kunirithi atawaleta wazee kwa Pijo, usukani mkononi mwake. Basi kila adhuhuri, jua likichoma, nilichota maji ya kisima, nikaliosha gari, nikaliacha lijikaushe. Majirani wakanisifu. "Kumbe alimpenda hivi!" alisema mmoja, akijifuta machozi. Vioo vikawa vyeupe kama uji wa mgonjwa. Owuor alipojaribu kuliendesha, aligonga ghala. Akasugua kwa sabuni ya unga, wapi! Akasugua kwa mafuta ya taa. Kioo kikatoa rangi zote za upinde wa mvua, barabara kikakataa kuionyesha. Wazee wakanong'ona kwamba gari la marehemu lina macho ya marehemu, sherehe ikaahirishwa.

Lakini kuahirisha si kutoka. Miezi ikapita, mimi niko palepale na ndoo yangu, mke wa gari.

Kisha Owuor akapata kioo cha mbele Kisumu, cha Pijo lililopinduka. Fundi angekuja Jumamosi kukitia. Akajaza petroli, akachaji betri. Kwa hayo tumshukuru.

Nikaanza kufuta. Nililaza kitambaa chenye maji ya limau juu ya kioo, kivulini, nikangoja, nikasugua kwa gazeti kuukuu, nikasuuza kwa maji ya mvua. Madoa ya juu yakatoka. Ya chini yalikuwa yamekwisha kukila kioo, kama ulivyonionya. Nikapaka sabuni tele, nikalaza wembe bapa, nikakwangua kama mtu anayenyoa mtoto aliyelala.

"Bado unaosha tu?" wanawake wakauliza wakipita.

"Naosha tu, mama."

Nilichopata ni uwazi wa ukubwa wa sinia, mbele ya usukani. Vioo vya pembeni nikaviacha na weupe wao, makusudi.

Siku ya soko, Jumamosi haijafika, boma likabaki tupu. Nikawasha. Njia inapita sokoni Awasi, sina nyingine. Nikamwona Owuor amesimama na wenzake. Aliliona gari, mimi, nyuma ya ule weupe, hakuniona. Akainua mkono juu. "Huyo fundi wangu! Amekuja mapema, analijaribu!" Nikampigia honi. Ungekuwepo ungecheka hadi ukohoe.

Kicheko kikaniishia Seme. Mama alitoka, akatazama gari, akanitazama mimi.

"Nyathina," akaniita, mwanangu, "umerithiwa?"

"Bado, mama."

Akasimama mlangoni kama boriti. "Basi usivuke hapa. Nina wajukuu ndani."

Hakusema kwa ubaya, alisema akilia. Akaniletea kiti uani, na ugali na samaki, nikala nikitazamwa na kuku. Nimetoroka nyumba isiyoniachilia, nimefika kwenye nyumba isiyonipokea, na katikati ni Pijo lako. Nimelala kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Owuor ameshatuma mtu kusema kwamba leo anakuja na wazee kutuchukua, mimi na gari. Sirudi, Baba Akinyi. Lakini sijui mtu anaishi vipi bila mlango hata mmoja wa kuingilia.

Asubuhi hii mama amekuja na birika la chai na vikombe viwili. Alilizunguka gari mara moja, akilikagua kama ng'ombe wa mahari. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaingia, akaketi, akaufunga.

"Mama, na chira je?"

"Wamesema wewe usiingie kwangu," akasema, akimimina. "Hakuna aliyesema mimi nisiingie kwako. Kunywa. Wakija, watatukuta wawili."

Wewe pumzika. Sisi tuko macho.

Mkeo,
Mama Akinyi