Nyuki Walioshiba Siku ya Jaribio

Bujumbura, Jumamosi asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mizinga ya kule porini, mmeshalina? Mimi mzima, ila vidole vimevimba kwa miiba na furaha imenijaa hadi nashindwa kukaa kitini, kwa hiyo usiulaumu mwandiko.

Nilikwambia kwamba nyuki akiguswa vipapasio kwa maji ya sukari, ulimi unamtoka papo hapo. Sasa, nyuki wa mzinga wetu wa kwanza wanautoa hata maji yakiwa na utamu kidogo tu. Wa mzinga wa pili wanangoja yakolee. Profesa wangu hapa chuoni alitaka kujua kama uroho huo ni wa malezi au wa damu, yaani jeni walizorithi. Basi nilihamisha masega yenye watoto wa mzinga wa kwanza, wakatokea na kukulia katika ule wa pili, nikawatia doa jeupe mgongoni. Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kuwapima. Jaribio likishindwa, narudi Tabora bila shahada.

Likashindwa! Nimewafunga kwenye vimirija, vichwa nje, nagusa mmoja mmoja, hakuna aliyetoa ulimi. Profesa akafunga daftari, akaondoka. Déo, fundi wa maabara, akanikazia macho.

"We Zuhura, asubuhi uliwapa nini?"

"Sukari kidogo. Mvua imewafungia siku mbili, nikawaonea huruma."

"Apana! Mutu mwenye ameshiba atatoa ulimi ya nini?"

Ndivyo ulivyonilea, Baba: mvua ikizidi, nyuki wapewe. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamkimbilia Profesa nje, nikakiri kila kitu.

"Bon, sawa," akasema. "Utarudia kesho. Mara moja tu."

Kesho yake nikashika wengine, nikawaacha na njaa mpaka mchana, roho ikiniuma. Nikamgusa mwenye doa kwa yale maji yasiyokolea: ulimi! Wa pili: ulimi! Wenyeji wa mzinga, wasio na doa, kimya mpaka nilipoongeza sukari. Ni damu, Baba! Niliruka kiti kikaanguka, Déo anapiga makofi, Profesa anaandika mwenyewe kwa haraka. Kisha nikalia mbele yao bila haya, kwa sababu nilitaka uwepo uone.

Nisalimie shangazi aliyekesha akiniombea, na kaka anayekubebea ngazi sasa. Na Mama mwambie sirudi karibuni, kile chumba changu ampe mpangaji.

Mwanao,
Zuhura