Ufito wa Albano

Keko, 4 Machi 1973

Mama Albano,

Kwanza mfikishie mama mkwe shikamoo yangu hapo Ndanda. Kijitabu changu cha sehemu za kuogelea kimetoka! Nimekichapisha mwenyewe, na nakala zimejaa kwenye kabati la mteja hapa karakanani. Kina cha maji nilikipima kwa ule ufito niliokata sawa na kimo cha mwanetu alipoanza shule. Mafundi wenzangu wanacheka, eti mfupi mno.

Siku tuliyomzika uliniuliza, "Baba Albano, ulimruhusu aende bwawani bila kujua kina chake?" Sikukujibu, ukaondoka.

Nimekwenda kulipima. Ufito ulizama wote, na mkono wangu mpaka begani. Nimeliweka ukurasa wa kwanza: mtoto asiingie.

Nilichelewa kukujibu, mke wangu. Urudi basi.

Mumeo,
Kornelio