Asidi Niliyoiita Dhaifu

Shoga, pokea simu basi! Niko hospitali na dada yangu, yule anayechora vioo karakanani.

Nimemponza mimi. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Asubuhi alinipigia, glavu imetoboka, asidi ya kuchorea vioo imemwingia kidoleni. Asidi gani? Akanisomea kwenye kidumu: hidrofloriki. Nikacheka. Unasikia? NILICHEKA. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo dhaifu kuliko wenzake wote. Hidrokloriki inaizidi, hidrobromiki inaizidi, hidroiyodiki ndiyo kiboko yao. Nawa urudi kazini."

Jana tu nimewafundisha darasani hivyo hivyo: florini imeing'ang'ania hidrojeni, haiiachii, ndiyo maana asidi yake dhaifu.

Basi akanawa, akarudi kazini. Hakusikia kitu mpaka saa nane mchana. Sasa analia mfupa unawaka, na kidole kwa nje kimekuwa cheupe tu!

Daktari anasema kwa vile asidi hiyo haiachani na hidrojeni yake, inapenya ngozi bila kuvunjika, inafuata kalsiamu mpaka mfupani. Yaani kitu kile kile ninachofundisha! Kile kile!

Wanamchoma sindano za kalsiamu kidoleni, asidi iikamate hiyo, iuache mfupa. Hawajui kama kitapona, tumechelewa mno.

Daktari akamuuliza, "Nani alikwambia urudi kazini?" Mimi macho chini. Dada, na maumivu yote yale, akanishika mkono, akajibu kwa maringo kabisa:

"Nilimuuliza mdogo wangu huyu. Ni mwalimu wa kemia."