Jembe Nyuma ya Mlango

Mjukuu wangu,

Chai ipo kwenye chupa, viazi nimevifunika kwa sahani ya bluu. Kula kwanza, msomi wangu. Nimetangulia shambani kupanda miche ya nyanya kabla jua halijawa kali.

Jana jioni nilipokuomba ubaki tulime sote, ulinijibu, "Bibi, si wewe uliyesema asiyesoma ataishia kushika jembe? Mimi nimesoma." Kweli nilikutisha kwa jembe tangu darasa la kwanza. Kwamba nyanya ndizo zilizokulipia ada, sikukuambia hata siku moja.

~~Jembe lako nitampa jirani.~~ Hapana. Lipo nyuma ya mlango, nimelitia mpini mpya.

Ukiondoka, ufunguo weka chini ya ndoo. Usipite shambani kuniaga. Nikikuona na begi, mikono itakataa kupanda.

Bibi yako