Matairi Mapya ya Kumpeleka Salma

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefungua banda, nimefuta vumbi, nimewasha injini dakika kumi. Gari la Ami Twalib, ndugu wa marehemu baba, hutoka kwa nadra, lakini kila Jumatatu lazima liwashwe. Jekundu, milango miwili, viti viwili, limeinama kama paka anayevizia. Alilinunua kwa Mtaliano aliyefunga nyumba akarudi kwao. Miaka sita sasa. Wanaoligusa ni yeye na mie tu. Yeye analiendesha. Mie nalisafisha.

Leo nimelala chini na tochi ya simu nikayatazama matairi. Mifereji bado ina kina, ukiona utasema mapya. Lakini ubavuni yana nyufa nyembamba, kama kisigino kisichopakwa mafuta. Nikatafuta zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. 1415. Miaka kumi. Nimekandamiza kwa ukucha, haukuingia. Mpira umekuwa jiwe.

Nimekwenda dukani kwake kumwambia Ami. Dada yangu Salma anaolewa tarehe 26, na Ami ameshatangaza kwamba gari hili ndilo litakalompeleka kwa mumewe Mambrui. Nikasema kwa matairi yale mie simruhusu apelekwe hata sokoni. Fuad, mtoto wa Ami, alikuwa anapanga vipuri kwenye rafu. "Rukia, injinia wa simu, kaamka," akasema. Sawa. Ninachokijua nimekijua kwa simu na kwa kitabu cha gari kilicholiwa na mchwa nusu. Sioni haya.

Ami alifunga daftari la mauzo. Halafu: "Basi chagua wewe. Ukichagua sawa, siku hiyo utaendesha wewe."

Nina leseni tangu mwaka jana. Gari lile sijalitoa hata bandani. Naandika nimesimama, kukaa siwezi.

Jumatano, 9 Aprili

Kitabu kinasema livae matairi ya kiangazi. Nimecheka peke yangu. Malindi baridi iko lini? Nikasoma tena. Ni mpira laini, unaoshika lami ikiwa moto. Kwenye barafu unakufa. Sisi barafu yetu ni ya juisi. Basi hayo ndiyo yetu.

Halafu nikaacha kucheka. Kiangazi cha wenzetu si chetu. Salma anaolewa Aprili, na Aprili hapa mvua inamwagwa kama iliyobebwa kwa ndoo. Lami ya moto na maji juu yake. Hapo hakuna video iliyonijibu sawasawa. Wote wanaonesha njia safi, kona nzuri, mtu kavaa kofia ngumu.

Nimebaki na aina tatu. Moja ni la mashindano, lina mifereji kidogo sana. Kwenye ukavu litang'ang'ania kama gundi, kwenye dimbwi Mungu atusaidie. La pili ni gumu, litadumu miaka, breki zake za uvivu. La tatu liko katikati: laini, na lina mifereji minne mipana inayozunguka tairi zima kwa kusukuma maji. Litaisha haraka. Liishe.

Naogopa kidogo. Mtu akiniuliza kwa nini hili, nataka niwe na jibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Fuad anataka mapana zaidi. "Gari la spoti na tairi nyembamba, kama bwana harusi mwenye miguu ya kuku." Watu dukani wakacheka, na mie pia, ni kweli inachekesha. Lakini nimechukua sinia la chai nikaliweka juu ya maji kwenye beseni. Likaelea. Nikachukua kisu, nikakiweka kwa makali yake. Kikazama. Nikamwambia tairi pana kupita kiasi mbele ya maji ni sinia. Upana utabaki ule ule wa kiwandani.

Ami alilitazama lile beseni muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Muuzaji wa Mombasa nimempigia mwenyewe. Akaniuliza mwenye gari yuko wapi azungumze naye. Nikasema ndiye unayezungumza naye. Uongo, astaghfirullah. Nikamtaka anitumie picha ya zile tarakimu. Akatuma: yana miaka minne, yamelala ghalani. Nikakataa. Akanuna. Baada ya swala ya Ijumaa akapiga tena, kapata mengine, ya mwisho wa mwaka jana. Hayo.

Alhamisi, 17 Aprili

Yamefika. Meusi, yana vinywele vya mpira pande zote, yananukia duka. Nimemsimamia fundi mpaka akaniuliza kama nataka kazi yake. Balansi yasitetemeke, alaimenti yaende sawa, upepo kama kitabu kinavyosema, si kwa kupiga teke kama afanyavyo yeye. Nilihisi kama nimevaa mie viatu.

Jumapili, 20 Aprili

Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, lazima litembezwe kwa upole kwanza. Jana na leo tumekwenda Kilifi na kurudi. Ami kwenye usukani, mie pembeni nikimwambia polepole, Ami, polepole. Leo wakati wa kurudi akaacha kunijibu, na akafunga breki mwenyewe mahali peupe, asikie yanavyoshika. Gari likasimama bila kuyumba. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande wangu.

Nyumbani kumejaa wageni. Wapishi wamekodiwa. Bibi, mamake Ami na marehemu baba, ndiye aliyekuwa akipika biriani za harusi za mtaa mzima. Safari hii kila akishika kitu anaambiwa akae apumzike. Leo nimemkuta ukumbini na mikono mapajani. Aliniuliza gari limerudi? Nikasema limerudi, limejaa vumbi tu, matairi yamepauka. Akasema, "Gari la bibi harusi, miguu imepauka?" Nikacheka nikapita.

Jumatano, 23 Aprili

Mbaya. Mbaya sana.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Ami akasema twende tukatie petroli. Tumetoka langoni, tumefika pale njia yetu inapokutana na barabara kuu, akakanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza kama sabuni kwenye sakafu, likageuka ubavu, likasimama hatua moja mbele ya mkokoteni wa maji. Mwenye mkokoteni alibaki ameduwaa, hata kututukana hakututukana.

Ami alizima injini pale pale njiani. Akasema, "Haya ndiyo uliyoyachagua?" Taratibu tu. Ingekuwa afadhali angefoka.

Nikasema huenda ni ule upya haujaisha. Hata mie sikujiamini. Tumekwenda Kilifi mara mbili.

Ameamua. Ijumaa Fuad atarudisha ya zamani, na ataendesha Fuad. Nikasema Ami, yale yana miaka kumi, na mvua inakuja. Akasema ya zamani hayajawahi kumfanyia hivyo. Na hilo ni kweli. Hayajawahi kwa sababu hajawahi kuyatoa kwenye mvua.

Salma atakaa kwenye kiti kile. Linaloniuma si mie wala jina langu. Salma.

Nimepitia kila kitu tena. Upana, upepo, tarehe. Sioni kosa. Labda mie ni mjinga mwenye simu, basi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeamka kabla ya watu nikaenda bandani. Matairi yanang'aa. Jana sikuona, nilikuwa na haraka. Yanang'aa kama viatu vya sikukuu. Nimepitisha kiganja, pale pale panapokanyaga barabara. Kikarudi cheusi na chenye mafuta. Nikakinusa.

Nazi.

Harufu hiyo naijua kuliko jina langu. Ni ya chumba cha Bibi, ya mto wake, ya nywele zangu za shule. Jumanne jioni sote tulikuwa kwenye hina ya Salma. Bibi alibaki. Alisema magoti yanamuuma.

Nimekaa chini kwenye banda, nimekasirika mpaka machozi. Halafu nikamuona akilini, amechuchumaa na magoti yale, kibati cha mafuta na masizi ya sufuria, anazunguka tairi moja moja, mbele na nyuma, hata ndani ya mifereji. Kazi aliyojipa mwenyewe kwa sababu zote kanyang'anywa.

Nimeyasugua kwa sabuni na brashi mara tatu. Mara ya nne mikono ilikuwa imechubuka. Hakuna aliyeniona.

Sijui nifanyeje. Nikimwambia Ami, Bibi atakuwa kichekesho cha harusi, atapewa kiti tena na safari hii hatakiacha. Nisipomwambia, Salma atapanda jiwe la miaka kumi kwenye mvua. Nimekwenda kwa Ami mara mbili. Mara zote mbili nimesema ni upya tu, umeshaisha, jaribu tena. Amenifukuza kwa mkono kama nzi.

Ijumaa, 25 Aprili

Asubuhi Fuad ametia jeki. Gurudumu la kwanza lilikuwa limeshatoka nikasikia fimbo ya Bibi inagonga sakafu. Akauliza kwa nini wanalivua viatu. Fuad akamwambia, matairi ya Rukia yanateleza, nusura yaue mtu.

Bibi hakumtazama Fuad. Alinitazama mie, mikono yangu iliyochubuka.

"Ni mafuta yangu?"

Ningeweza kusema siyo. Nililifikiria, wallahi.

"Ndiyo, Bibi."

Akageuka akaenda ukumbini kwa Ami, mbele ya wageni wote, mie nyuma yake. "Twalib. Matairi nimeyapaka mie. Nimeona yamepauka. Ukitaka kuvua kitu, nivue mie kiti hiki, nimekichoka."

Shangazi mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Ami aliinama, nikadhani amekasirika. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. "Mama, na masizi umetia?" "Kidogo. Yang'ae." Halafu akaacha kucheka. Akamshika mkono akamuuliza kama magoti hayamuumi. Jioni nikamuona Bibi jikoni, anaonja sufuria za wapishi na kuwaambia chumvi. Hakuna aliyemwambia akae.

Lakini kabla ya hapo, baada ya swala, gurudumu lilirudishwa na Ami akanipa ufunguo. Mie usukani, yeye pembeni. Alimwambia Fuad amwage madebe sita ya maji barabarani. Nikaja, nikakanyaga. Likasimama kama lililoitwa jina.

"Tena," akasema. Mara tano. Fuad akawa anachota maji mpaka akaapa hachoti tena.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua ilianza baada ya alasiri, wakati Salma anatoka. Vigelegele chini ya miavuli. Buibui lake lilijaza gari lote, nilitafuta gia ndani ya nguo.

Nimeendesha polepole kuliko nilivyowahi kuota. Maji yalikuwa yanasukumwa chini yetu, nasikia, shii, shii. Baada ya daraja la Sabaki punda akatoka kichakani na madumu yake, akasimama katikati ya barabara kututazama. Nikakanyaga. Gari likanyooka likasimama. Punda akafikiria mambo yake, akaenda.

Salma alikuwa anatazama hina kwenye vidole vyake. "Tumefika?"

"Bado."

Nyuma yetu Ami aliwasha taa za gari lake la kila siku mara moja, akazizima.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefungua banda, nimefuta vumbi, nimewasha injini dakika kumi. Vile vinywele vya mpira vimeisha katikati, vimebaki pembeni tu. Upepo uko sawa.

Nyumba kimya. Kitanda cha Salma kimetandikwa na hakuna aliyekilalia. Ufunguo wa gari Ami hakuurudisha mfukoni, uko kwenye msumari wa ukumbini. Nimepita hapo mara nyingi leo bila sababu.

Baada ya chakula Bibi akaniita nikae chini, kati ya miguu yake, kama zamani. Alikuwa na kibati chake cha mafuta ya nazi. Akazifungua nywele zangu, akachovya vidole, mkono ukabaki juu.

"Hapa je, naruhusiwa?"

Nikainamisha kichwa.