Wananiita Mtu wa Usalama, Kumbe Natafuta Shahada

BARAZA LA SHANGAZI STUMAI

Shangazi Stumai, shikamoo. Naomba unisaidie kabla hujanicheka, ingawa najua utanicheka kwanza, maana mama yangu hukusoma kila Jumamosi na akifika kwenye yale maneno yako makali huyasoma kwa sauti ili jirani naye asikie.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, nasomea shahada ya uzamili ya masomo ya vita, ujasusi na usalama wa kimataifa katika chuo kimoja hapa nchini, na kama hujui hayo ni masomo gani usijali, hata wenzangu wengine darasani bado hawajajua. Kwa ufupi tunasoma jinsi mataifa yanavyochunguzana, tunaandika kurasa ishirini za kueleza kwa nini jeshi fulani la mbali halikuona shambulio likija, na sisi wenyewe hatujawahi kushika hata filimbi ya mgambo. Tasnifu yangu inahusu vita vya Kagera, jinsi wanamgambo wa kawaida walivyopata taarifa, walivyozifikisha kwa wakubwa wao, na jinsi zilivyobadilika njiani, na ndiyo maana nikaja kijiji kimoja cha Ikungi, si mbali na Sepuka, ambako wapo wazee kumi na wawili waliokwenda vitani wakarudi.

Tatizo lilianzia kwenye fomu ya ridhaa. Chuo kinataka kila mhojiwa aisikie na kuikubali kabla hajaulizwa chochote, na mtendaji wa kijiji, mtu makini sana, akaona ni vyema aisome kwenye mkutano wa kijiji ili asibaki mtu hajaelewa: kwamba jina la mhojiwa halitaandikwa popote, kwamba kila mmoja atapewa namba, kwamba sauti zitafungiwa kwenye kompyuta yenye nywila anayoijua mtafiti peke yake, kwamba mhojiwa anaweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Halafu mtu mmoja wa nyuma akasema, "Haya, tumeelewa. Huyu ametumwa." Nikasimama nikaeleza kwamba mimi ni mwanafunzi tu, wakacheka kwa heshima, na yule mtu akanijibu, "Ndivyo mnavyofundishwa kusema."

Shangazi, nakiri, sikukana mara ya pili. Kesho yake nilipofika kwa balozi nikapewa kiti chenye mto, na kuku alipoletwa nikawekewa firigisi, na uelewe kwamba nyumbani kwetu tumezaliwa wavulana watano na baba yetu yupo, na kuku ana firigisi moja, kwa hiyo mimi siku hiyo ndiyo nilijua ladha yake. Kichwa kikavimba. Nikaanza kuvaa miwani ya jua hata siku za mawingu. Simu ikiita, hata kama ni mama anauliza nimekula nini, nilikuwa nasogea pembeni, naangalia kulia na kushoto, nasema "Nimepokea," nakata. Mama alidhani nimeugua.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Hezekia, mkulima wa alizeti anayeheshimika sana, ambaye binti yake Magreth ni muuguzi wa zahanati na ameshachumbiwa na wanaume watatu wakakataliwa na baba mtu kwamba hawaeleweki, lakini mimi ambaye sieleweki kabisa nikakubaliwa ndani ya wiki moja, na harusi imepangwa baada ya mavuno. Magreth nampenda kweli, hilo si utafiti. Aliniuliza mara moja tu kazi yangu hasa ni nini, nikamjibu, "Siruhusiwi." Siku nyingine nilinyeshewa nikasahau koti langu kwao, akalianika, akanirudishia likiwa limekunjwa na kitambulisho changu cha uanafunzi kimewekwa juu yake, akasema, "Kililowa, ila picha bado inaonekana." Nadhani aliamini ni kitambulisho cha kuficha kazi.

Haya yote ningeweza kuyabeba. Kinachoninyima raha ni Mzee Damiani, mhojiwa namba saba.

Siku ya mahojiano nilimkuta amevaa koti na viatu vilivyopakwa mafuta, na kabla sijafungua mdomo akasimama akanipigia saluti, mtu wa miaka sabini, akasema, "Afande, nimewasubiri tangu tuliporudi." Sikumsahihisha. Nilimuuliza maswali yangu ishirini na moja, akayajibu harakaharaka kama mtu anayetaka yaishe, kisha akasema sasa aandikishe lake. Kwamba alikwenda vitani na rafiki yake, Ignas, kijana wa Mtinko, na kwamba siku moja ilikuwa zamu yake Damiani kwenda mtoni kuchota maji, lakini alikuwa na homa, Ignas akachukua madumu akaenda badala yake, mto ulikuwa umejaa, ukamchukua, mwili haukuonekana. Haikupigwa hata risasi moja. Aliporudi nyumbani mama wa Ignas akamuuliza mwanangu amekufaje, naye akashindwa kusema alikufa kwa kuchota maji yangu, akasema alipigwa risasi akiwa mbele ya wenzake. Mama akafa na fahari hiyo. Amebaki dada, Selina, ambaye kila mwaka anafanya ibada ya kumkumbuka kaka yake, na kila mwaka Mzee Damiani anaombwa asimame asimulie, na kila mwaka, Shangazi, kwa maneno yake mwenyewe, "Ignas anaua watu wengi zaidi." Mwaka huu familia inajenga msalaba wa saruji na wanataka maneno ya kuandika juu yake, na wamemwomba yeye ndiye ayatoe.

Akaniambia, "Mimi mdomo wangu umeshaharibika, hauwezi. Ila serikali ikimwandikia Selina ukweli, ataupokea. Lifikishe huko juu, afande." Nikasema, "Nimepokea."

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Kila nikipita kwake ananyanyuka kwenye kigoda, ananiuliza, "Huko juu wamesemaje?" na mimi nasema bado wanalifanyia kazi. Siku hizi anakohoa sana. Nilimtumia msimamizi wangu chuoni mahojiano yale akanijibu kwamba hii ni dhahabu, sura nzima ya nne isimame hapo. Sasa nikisema ukweli, mzee anaweza kujitoa na sura ya nne ikaporomoka, Mzee Hezekia atavunja uchumba, na kijiji kizima kitanizomea. Nikinyamaza, ibada ni mwezi ujao. Nimewaza njia ya katikati: niandike mimi mwenyewe barua moja fupi kwa Bibi Selina, kwa lugha nzuri ya kiserikali, yenye mhuri, imweleze ukweli, mzee apumzike, na mimi nimalize shahada yangu kwa amani. Je, Shangazi, hiyo ni dhambi au ni huduma?

Naomba jina langu lisitajwe.

Mtafiti mwenye mawazo, Ikungi

SHANGAZI STUMAI ANAJIBU

Mpendwa Mhojiwa Namba Moja,

Marahaba. Jina lako halitaandikwa popote, barua yako nimeifungia kwenye kabati ambalo ufunguo wake ninao mimi peke yangu, na unaweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Unaona inavyotisha? Na kwa kuwa wewe mtaalamu wa siri, uliyemwahidi mzee wa watu kwamba hatatajwa, umemtaja wazi kwenye barua ya gazeti pamoja na marehemu, dada wa marehemu na vijiji vyao, imenibidi nibadilishe majina yote mwenyewe. Chuo chako kinipe cheti.

Tuanze na hiyo "njia ya katikati". Mwanangu, kughushi barua ya serikali na mhuri wake ni kosa la jinai, na utakapolifanya ndipo utakapokutana na watu wa usalama wenyewe, wale wa kweli, na nikuhakikishie kwamba hawatakuwekea firigisi. Ila sheria tuiache pembeni. Mzee huyo amebeba uongo mmoja kwa miaka zaidi ya arobaini, umemuumiza mpaka anakohoa, na dawa uliyomtafutia wewe, msomi, ni uongo wa pili wenye mhuri. Unasomea jinsi taarifa zinavyoharibika njiani. Hongera, umeziharibu kwa vitendo, sasa sura ya tano iandike kuhusu wewe.

Sikulaumu kwa ile siku ya mkutano. Ulikana, wakakataa kukusikia, na mtendaji wako angesoma hata orodha ya mahitaji ya harusi kwa mtindo ule watu wangekimbia. Sikulaumu hata kwa firigisi, watoto watano ni wengi. Ninachokulaumu ni ile saluti. Wewe ndiye uliyetakiwa kumwamkia mzee yule, "shikamoo Mzee," tena kwa kuinama kidogo. Badala yake ukamwacha mtu wa miaka sabini asimame mbele yako na viatu alivyovipaka mafuta kwa ajili yako, ukapokea heshima ya wakubwa ambao hawajawahi kukutuma hata dukani. Hapo niliiweka barua yako chini, nikatoka nje kidogo.

Nikwambie jambo. Mimi nimezaliwa Itigi, baba alikuwa mpokea mizigo stesheni. Miaka ile nilikuwa mtoto, nikawaona vijana wakipita kwenye mabehewa wakiimba, tukawapungia mikono hadi mikono ikauma. Baadaye wengine walirudi, wakashuka, wakaenda zao mashambani. Wengine niliwafahamu. Mmoja alituuzia asali miaka kumi na tano. Sikumuuliza kitu hata siku moja, na sikumbuki mtu aliyemuuliza. Kwa hiyo kabla sijamaliza kukufokea nikubali hili: wewe na dodoso lako la maswali ishirini na moja mmefanya jambo ambalo sisi wenye midomo yetu hatukulifanya. Ila umelifanya kwa koti la kuazima.

Sasa sikiliza, maana ibada ni mwezi ujao na kikohozi hakisubiri msimamizi wako apate nafasi.

Kesho asubuhi uende kwa Mzee Damiani. Miwani iache nyumbani. Chukua kile kitambulisho kilicholowa. Ukifika, wewe ndiye usimame, yeye akae. Mwamkie, kisha mwambie ukweli wote: kwamba hukutumwa na mtu, kwamba maneno yake hayajafika popote ila kwa mwalimu wako, na kwamba "wanalifanyia kazi" ilikuwa woga wako. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, wala usijitetee kwa fomu. Kisha umsomee fomu upya, taratibu, na akisema toa maneno yangu, unayatoa siku hiyohiyo, kwenye kompyuta na kwa msimamizi, na sura ya nne ikianguka ianguke, haitamuua mtu. Umesoma miaka mingi jinsi mataifa yalivyovunjika kwa kutokukiri makosa. Wewe utashindwa na sura moja?

Kuhusu Selina, usiende kumwambia wewe, wala usimsemee mzee. Mwambie mzee kwamba dada wa Ignas hahitaji barua ya serikali. Barua haimjui kaka yake. Anayemjua yupo hapo kwenye kigoda. Mtu aliyechukua madumu ya mwenzake mgonjwa akaenda kwenye mto uliofurika, mimi sioni aibu ya kuificha hapo. Huyo angefaa kuandikwa kwenye msalaba bila kuongezewa maadui hata mmoja. Mzee akikubali kwenda Mtinko, mtafutie usafiri, umsindikize mpaka mlangoni, kisha ukae nje. Kinasa sauti ukiache nyumbani pamoja na miwani.

Magreth. Hivi kweli? Binti anayekaa zahanati akisoma nyuso za watu wanaodai wamemeza dawa na hawajameza, amekikausha kitambulisho chako, amekiweka juu ya koti mahali usipoweza kukikosa, amekwambia picha bado inaonekana, na wewe, bingwa wa ujasusi, ukahitimisha kwamba amedanganyika? Anajua tangu siku ile. Anasubiri kuona kama utasema mwenyewe. Mwambie leo jioni kabla hujaenda kokote, na kama bado anakutaka basi mshukuru Mungu, maana mimi nisingekutaka. Kwa Mzee Hezekia mtakwenda wote wawili. Akivunja uchumba, utakuwa umekataliwa kama wale watatu, tofauti ni kwamba wewe angalau ameshakuelewa.

Firigisi utaikosa. Utazoea, ulishazoea miaka thelathini na moja.

Na kesho ukikaribia uwanja wa Mzee Damiani, atanyanyuka kwenye kigoda kama kawaida, atakuuliza huko juu wamesemaje. Usimzungushe. Mjibu hivi: "Huko juu hakuna aliyeuliza, Mzee. Aliyeuliza ni mimi." Kisha umkalishe, ukae naye.